Lushoto hadi Mtae kwa gia ya pili

Wengi wanaopanda Usambara Magharibi huishia Lushoto. Lami inayoachana na barabara kuu pale Mombo inapanda kwa kona kali, inapita Soni, na hadi unaingia mjini umeshapanda karibu mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Ni barabara nzuri, sina neno nayo. Ila mimi na dada yangu tulikuwa na Jumamosi na Jumapili nzima mkononi, gari lenye uvungu wa juu, na hamu ya muda mrefu ya kufika Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima upande wa kaskazini. Kutoka Lushoto ni kama kilomita 60, na changarawe ndiyo iliyotuvuta.

Tulitoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Msitu wa Magamba ulitupokea kwa baridi na giza la miti mirefu, na tulipozima redio tukasikia mbega wakiruka juu ya matawi. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo hukamata unyevu wa upepo utokao Bahari ya Hindi kabla haujafika bara. Maana ya jambo hilo utaiona baadaye ukifika Mtae: nyuma yako kijani kibichi, mbele yako nyika kavu.

Lami ilipokatika nilishusha upepo wa matairi kidogo. Tairi lililojaa sana hudundadunda juu ya kokoto, na kila linapodunda linakuwa halijashika barabara. Pale ambapo magari yamepita kwa kasi siku nyingi, ardhi imejikunja mawimbi madogo yanayotetemesha hadi meno, na hapo dawa ni kupunguza mwendo na kutafuta mstari laini pembeni, almuradi pembeni pasiwe korongo. Kwenye kona mambo yanabadilika. Njia ya matairi imeshindiliwa, lakini kokoto zote zilizorushwa zimejikusanya upande wa nje, zimelegea kama mtama uliomwagwa sakafuni. Ukiingia kona kwa kasi gari linakokotwa huko huko. Kwa hiyo breki unamaliza kuzikanyaga kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka, kisha unazunguka kwa gia ndogo na mguu mwepesi. Dada yangu aliyekuwa akiendesha aliishika kanuni hiyo mapema kuliko nilivyotegemea, na hakuiacha hadi tunarudi.

Baada ya Lukozi, kwenye mpando mmoja mkali, tulikutana na basi likipanda mbele yetu, limejaa hadi mlangoni. Likapunguza, likasita, na kabla halijasimama vizuri utingo alikuwa ameshashuka na kipande cha gogo begani. Alikiingiza nyuma ya gurudumu, akakipiga teke kikae sawa, ndipo akatugeukia.

"Kaka, msitusogelee sana. Mbele kuna lori linashuka, limebeba mboga."

"Sawa kaka, tunarudi nyuma."

Tukarudi hadi mahali barabara ilipopanuka. Lori lilishuka polepole, injini ikinguruma kwa gia ya kwanza, dereva mguu wake mbali na breki. Huo ndio ustadi. Anayeshuka mteremko mrefu huku amekanyaga breki muda wote huzipasha moto hadi zinapoteza nguvu, na kwa kawaida huanza kusikia harufu ya kuungua wakati tayari pedali imelegea. Lori lile halikutoa harufu yoyote. Dereva alitupungia mkono, akapita akiwa amejibana karibu kabisa na ukuta wa mlima, akatuachia sisi nafasi yote iliyobaki. Nilimheshimu kwa hilo.

Mbele kidogo tulimkuta mzee akizibua mtaro kwa jembe, peke yake. Tulisimamisha gari, tukashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda Mtae? Barabara ipo, piteni tu."

Nilimuuliza kama kazi ile ni ya kila mwaka. Akasema ni ya kila mvua, akanionyesha kwa ncha ya jembe mahali majani na udongo ulipokuwa umeziba mdomo wa karavati. Maji yakikosa njia yake, alisema, yanachukua ya kwenu. Na kweli, hatua chache mbele palikuwa na ufa uliochimbwa katikati ya barabara, unaingia goti. Tangu hapo niliacha kutazama changarawe, nikawa natazama mitaro. Panapokuwa na mtaro safi upande wa mlima, barabara ni ngumu na tambarare hata kama mawe ni machache. Panapokuwa pameziba, hata kokoto mpya haziponi msimu mmoja wa masika. Watu husifu greda. Mimi naona jembe la mzee yule limeokoa kilomita nyingi zaidi.

Kupita Sunga mgongo wa mlima unakuwa mwembamba, na kuna sehemu unaona bonde kwa madirisha yote mawili. Kisha Mtae, na ardhi inakatika. Chini, takriban mita 1,000, nyika ya Mkomazi imetandazwa hadi Kenya, na upande wa magharibi Milima ya Upare. Siku ya anga safi watu wa pale huuona Kilimanjaro. Sisi tuliona mawingu upande huo, na hatukujali, kwa sababu jua la jioni lilikuwa likiingia nyikani kwa pembeni na kila kichuguu kilikuwa na kivuli chake.

Jumapili tulirudi kwa njia ile ile, na kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda. Gia ya pili, mara nyingi ya kwanza, na vituo vya kupoza magurudumu kila palipokuwa na nafasi ya kuegesha bila kuziba njia. Atakayekwenda aondoke mapema, maana vumbi la gari la mbele pamoja na giza kwenye kona zile ni hatari isiyo na sababu, na asiende masika. Sisi tumeshakubaliana kwamba safari ijayo tunakunja kwenda Mlalo, na usukani ni wa dada.