Karatasi ya Ijumaa

Nina duka dogo kijijini kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Jambiani na Makunduchi. Nauza unga, vocha, mafuta ya taa na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Mbele ya duka pana baraza ya saruji, na hapo ndipo zinapopikwa habari zote za kijiji. Ubaya wake, zikipikwa asubuhi, jioni zimeshachacha. Sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, akiitisha mkutano Jumapili, wa kwanza anaambiwa Jumapili, wa pili anaambiwa Jumanne, wa tatu haambiwi kabisa. Na huyo wa tatu mara nyingi ni mwanamke aliyekuwa baharini na mwani wake.

Basi nikaanza kubandika karatasi ya manila ukutani, moja tu, kila Ijumaa kabla watu hawajatoka msikitini. Miezi miwili ya mwanzo hakuna aliyeisoma. Niliandika kama barua ya skuli: "Wananchi wote mnatangaziwa." Hata mimi nisingeisoma.

Kilichowavuta watu ni kosa. Julai moja niliandika kwamba Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wetu wa kale, huadhimishwa Makunduchi kila Julai, nikaona nimemaliza. Saa moja haijapita, akaja mzee mmoja mvuvi, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakwambia kila Julai?"

Akanikalisha chini. Mwaka wetu wa kale, alisema, una siku 365 kavu, hauna siku ya kuongeza kama ule wa wazungu. Kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Wewe unauona Julai kwa sababu umezaliwa juzi. Miaka mia nyuma ulikuwa Agosti. Halafu akanihesabia miongo: siku kumi kumi, mara thelathini na sita, na siku tano za kujazia. Wakulima walipanda kwa mwongo, hawakungoja kalenda ya ukutani. Kila mtu anajua kibanda cha makuti kinachochomwa na vijana wanaochapana kwa migomba. Hesabu iliyo nyuma yake wengi hatuijui tena, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoijua.

Nikamwambia nitaiandika wiki ijayo. Akakataa. Alitaka kalamu, pale pale. Akaandika pembeni mwa karatasi, kwa mkono unaotetemeka, maneno yakapanda juu kufuata ukingo kama mnazi uliopinda. Jioni ile watu walijaa barazani kusoma lile la pembeni, si langu.

Tokea hapo nikawa naacha ukingo mpana, kiasi cha kiganja, na kalamu nimeifunga kwa taitai kwenye msumari. Kalamu imeshaibiwa mara nyingi. Naihesabu katika hasara za duka, pamoja na mayai yanayovunjika.

Bibi mmoja, jirani yangu, alikuwa akipita kila wiki bila kugeuza shingo. Nikamuuliza kwa adabu kama nimsomee. Akanikasirikia. "Mimi kwani sijui kusoma? Hizo herufi zako za kizungu ndizo nisizozijua." Kweli, alisoma chuo cha Kurani, na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ameziandika ujana wake wote. Nikaona aibu. Wiki iliyofuata nusu ya karatasi nikaiandika kwa herufi zile, kwa mwandiko wangu mbovu. Sasa, kwa maandishi ya wazee, herufi be hufanya kazi yake na ya pe pia, kwa hiyo "pweza" ikasomeka "bweza", na watoto wakaniita Bweza wiki nzima. Ipo herufi ya nukta tatu inayotatua jambo hili, nikaileta kwa majivuno. Bibi hakuitaka. "Sisi tulisoma hivyo hivyo. Mwenye akili anajua baharini hamna bweza."

Kosa langu kubwa halikuwa la kuchekwa. Watu walikuwa wanachangia fedha za kutengeneza pampu ya kisima, na mtu mmoja akaninong'oneza jumla ya mchango. Nikaiandika. Ilikuwa zaidi ya fedha zilizokuwepo, kwa maana hiyo ilionekana kama nyingine zimeliwa. Aliyekuwa akizishika hakuja kugomba. Aliacha tu kuniamkia, na mkewe akahamia duka la pili kununua sukari. Kijijini adhabu hiyo inauma kuliko matusi. Baada ya siku nne nikaenda kwake usiku, akanifungulia daftari, mstari kwa mstari, hata hamsini za watoto zimeandikwa. Ijumaa nikaandika masahihisho juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zile za kosa. Mkewe alirudi baada ya Ramadhani. Siku hizi habari inayomtaja mtu namsomea mwenyewe kwanza, na ya fedha siibandiki mpaka nione daftari. Naipata kwa kuchelewa, na baraza inanitangulia kila mara. Haidhuru.

Mambo ya utawala hayapendwi sana, ila moja lilisomwa: kwamba diwani tunampigia kura na sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Nusu ya vijana walikuwa wanambishia sheha kwa kura ambazo hawakumpa.

Lakini hakuna karatasi iliyojaa ukingo kama ya pweza. Niliandika kuhusu kufunga mwamba: kijiji kinakubaliana sehemu fulani isivuliwe pweza kwa miezi mitatu hivi, kisha inafunguliwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa. Pweza anaishi muda mfupi na anakua upesi mno. Ukimwacha miezi michache unamkuta mwingine kabisa kwenye mizani. Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004, na Pemba wenzetu wa Kisiwa Panza wamefanya. Majibu yakaja kwa kalamu ya kamba. "Miezi mitatu tule mwani?" "Nani atalinda usiku?" Na moja, najua mwandiko wa nani: "Wanaume wa mbizi wafunge kwanza, ndio waliomaliza." Hapo ndipo palipokuwa na moto wenyewe, kwa sababu wanawake huchokoa pweza kwa miguu maji yakitoka, na wapiga mbizi wanamchukua hata maji yakiwa yamejaa. Sheha alikuja na simu yake, akaupiga picha ukingo wote, akaenda nao mkutanoni kama ajenda. Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Wakakubaliana kipande kimoja tu cha mwamba, kidogo, kwa majaribio, na walinzi wawe wanawake wawili kwa kila mwanamme mmoja.

Ijumaa iliyopita niliamka na homa, duka likafunguliwa na mwanangu. Nilipojikokota barazani alasiri nikakuta karatasi imeshabandikwa, si yangu. Tarehe za bamvua, jina la aliyepotelewa na mbuzi, na chini, kwa herufi za Kiarabu, zamu za ulinzi wa mwamba wa "bweza". Ukingo umeachwa mpana. Nilitaka kusahihisha siku moja ya bamvua, nikanyoosha mkono kwenye msumari. Kamba ipo, kalamu hamna.