Mayai matatu ya bibi

Hii ilikuwa likizo ya chuo, mwaka wa pili, niko kwa bibi Ujiji, umeme Kigoma umekatika siku ya pili na mi kuna somo limenikaa kichwani halitoki, eti mtoto akiwa bado anaumbika anatengeneza seli za neva nyingi kuliko anazohitaji alafu kwenye sehemu zingine karibu nusu zinakufa. Na haziumwi, zinajiua.

Sasa tetea wa bibi alikuwa anaatamia mayai 11 nyuma ya jiko, siku ya nne. Nikachomoa matatu. Nilikuwa nimesoma habari za Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Italia, sheria za ubaguzi za 1938 zikamtoa kazini akageuza chumba chake cha kulala Turin kuwa maabara, anafungua yai, anakata kile kichipukizi cha mguu, anasubiri aone neva zinafanyaje. Kabla yake walidhani bila mguu neva hazitokei kabisa. Yeye akaona zinatokea vizuri tu, zinaanza kukua, ndo zinakufa. Baadae huko Marekani ikapatikana protini ya kuziokoa, ile inayotoka huko neva zinakoelekea, inaitwa NGF, na 1986 akapewa Nobel pamoja na Stanley Cohen.

Mi nilichoona kwenye bakuli ni moyo, kadoa kekundu kanadunda. Neva utazionea wapi na tochi ya simu!

Bibi akanikuta. "We mume wangu, vifaranga vyangu hivyo?"

Ikabidi nijieleze. Akasema kwa hiyo zinakufa njaa. Nikamwambia hapana bibi, kila seli ina visu vyake ndani, vinaitwa kaspasi, vimelala. Neva ya hisia ikifika kwenye ngozi inapokea NGF, kipokezi chake kinachoitwa TrkA kinaishika na ujumbe unarudi mpaka kwenye kiini cha seli, visu vinaendelea kulala. Usipofika, kuna protini inaitwa Bax inatoboa mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, visu vinaamka, seli inajikatakata yenyewe kimya kimya.

Akafikiria. "Yani mpaka uambiwe baki ndo ubaki."

Hiyo ndo mada nzima, mi nilikuwa nimeijazia daftari.

"Na huyo mama wa Italia mayai yake alitupa?" Nikamwambia alikuwa anayala, ilikuwa Vita ya Pili ya Dunia, chakula shida.

"Ana adabu. We umempa paka."

Vikatoka vinane. Kila nikipita uani bibi anavihesabu kwa sauti, akifika nane ananyamaza, ananiangalia.