Ukoko wa Kisima

Juzi asubuhi binti yangu aliweka kikombe chini, akanitazama, akauliza: "Baba, nani katia chumvi kwenye chai?" Hakuna aliyetia. Bomba lilikuwa halijatoa maji tangu Jumamosi, na mama yake alikuwa amechota kisimani kwa jirani. Sikumjibu, kwa sababu nilikwisha kuikumbuka ile sufuria.

Ilikuwa 2014, kaskazi inamalizika na masika bado. Nilikuwa nimewapa wanachuo zoezi la kitabuni la bomba linalovuja tone moja kila sekunde, nao wakapata zaidi ya lita 4 kwa siku, hesabu safi kabisa. Kisha mmoja akauliza kwa adabu bomba hilo liko nchi gani, maana la chuoni petu halikuwa hata na tone la kuvuja. Wiki iliyofuata nikakodi gari, tukaenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kupima maji ya kisima.

Bibi mwenye kisima alituruhusu, akatupa na mafiga yake. Tulipima lita moja barabara, tukaitia katika sufuria, tukakoka moto. Mwanzoni watu walizungumza na kucheka. Maji yalipobaki kidole kimoja wakanyamaza. Yakawa mazito, yakaanza kurukaruka pembeni, tukavuta kuni, na chini ukabaki ukoko mweupe uliochanika kama tope la ziwani lililokauka. Msichana mmoja, mzaliwa wa hapo hapo, aliukwangua kwa kisu polepole asipoteze hata punje, akaumimina juu ya mizani tuliyoibeba kutoka maabara. Gramu 3. Lita ya maji ya bahari hutoa kiasi cha gramu 35. Bibi alichovya kidole, akaonja, akasema: "Mie nimelelewa kwa maji haya, na hayakuwa hivi."

Nikawaeleza kwamba chini ya uwanda wetu, ambao ni jiwe la matumbawe lililojaa matundu, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo, lita yake kilo 1.000 kwa 1.025 ya bahari, na kwamba kwa kila mita moja ya maji hayo yasiyo na chumvi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa kuna kama mita 40 chini yake. Uwiano huo unaitwa kwa majina ya waliouandika, Ghyben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani, ambao sidhani kama waliwahi kunywa chai ya Jambiani. Swali likawa: pampu ikishusha maji sentimita 10 na yakabaki hapo, chumvi itapanda kiasi gani?

Kabla hawajamaliza, bibi akauliza: "Basi wanangu, dawa yake nini?" Wote wakanigeukia. Andalio langu la somo lilikuwa na jibu: kupunguza kuvuta na kuvuna maji ya mvua kutoka mapaani. Nikainua macho. Paa lake lilikuwa la makuti.

Usiku nilisahihisha madaftari. Yule msichana alikuwa ameandika: "Jibu ni mita 4." Chini yake, kwa mwandiko mdogo zaidi: "Anayewasha pampu ya hoteli ni kaka yangu, na ada yangu inatoka huko." Sentensi ya kwanza niliiwekea alama ya vema. Ya pili nilikaa nayo, kalamu mkononi, mpaka wino ukatia doa ukingoni mwa ukurasa.