Siku Moja na Mafaili ya Madai Dhidi ya Polisi Kenya

Saa 2 asubuhi. Kabla ya chai, kalenda. Juu ya kila faili kuna tarehe ya wino mwekundu: siku ya mwisho ya kufungua kesi. Anayeidai Serikali fidia kwa kupigwa au kufungiwa bure ana miezi 12 tu. Wengi hufika mwezi wa 14 wakisema, "Lakini nililalamika IPOA." Kulalamika IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, hakusimamishi hesabu ya hiyo miezi 12, na IPOA hailipi mtu fidia. Huchunguza, kisha hupendekeza afisa ashtakiwe au aadhibiwe kazini.

Saa 3. Mlalamishi wa kwanza. Anataka kuanza na kipigo, sisi tunaoandaa madai tunaanza na saa aliyokamatwa. Katiba, kifungu cha 49, inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24; zikiishia nje ya saa za korti, polisi wanaongezewa hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Jumanne saa 3 asubuhi akafikishwa Alhamisi ana hoja. Wa Jumanne saa 1 jioni huenda hana. Jina la afisa asipolijua, namba ya gari au namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) inatosha kuanzia.

Saa 5. Fomu ya P3 (ripoti rasmi ya daktari kuhusu jeraha), kero ya kila siku. Sehemu ya kwanza hujazwa na polisi, na mara nyingi mtu huirudisha kwenye kituo kilekile anachokilalamikia. Zungushwa huko wiki mbili, michubuko imekwisha. Nenda hospitali kwanza utunze karatasi za matibabu, maana daktari atazirejelea akijaza P3. Fomu unaweza kuiomba kituo kingine. Picha zipigwe kwa mbali na kwa karibu, rula kando ya jeraha. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, la sivyo zinabanwa na kupoteza rekodi ya saa zilipopigwa.

Saa 8. Kuandika madai, mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu. Mtego uko hapa: miezi 12 ya kudai kukamatwa isivyo halali huanza siku ya kukamatwa, ila ya kudai kushtakiwa kwa nia mbaya huanza siku ya kuachiliwa na korti. Anayengoja kesi ya jinai iishe ndipo adai vyote viwili huweza kupoteza cha kwanza. Bado kuna ombi la kikatiba, ambalo halifungwi na miezi 12, ingawa jaji atauliza ulikuwa wapi.

Saa 10. Mafaili ya walioshinda, mazito kuliko yote. Mali ya Serikali haipigwi mnada, kwa hiyo dalali hana kazi hapa. Unachukua cheti cha amri, karatasi ya korti inayoonyesha kiasi unachostahili kulipwa, unampelekea Mwanasheria Mkuu, unangoja. Wakinyamaza, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha katibu wa wizara alipe, na akikaidi, adhabu ya kudharau korti.

Saa 11. Kalenda tena. Faili moja limebaki na siku tatu, na P3 haijasainiwa. Madai yataingia kesho bila hiyo.