Njia za baiskeli nilizozikuta Nairobi

Nilipohamia Nairobi kutoka Mombasa, nilidhani ramani ya simu ingenitosha kupata njia za baiskeli ya milimani, kumbe nusu ya vijia ilivyonionyesha viliishia kwenye ua wa mtu. Aliyenifaa ni fundi wa baiskeli wa mtaani, ambaye huku akininyooshea rimu alinishauri nianzie msitu wa Karura, wenye takribani hekta 1,000, kisha, mapafu yakishazoea mji huu ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ndipo nijaribu vilima vya Ngong. Alichosahau kunionya ni ule udongo mweusi, ambao masika hunata kwenye magurudumu hadi baiskeli igome kabisa. Siku hiyo nilirudi nimeibeba begani.