Bahasha ya Kaki: Siku Moja Maishani Mwangu Katika Hospitali ya Saratani

Saa 11 alfajiri

Muadhini anapoadhini huku Kigamboni, mimi huwa nimekwisha kuinjika maji ya chai, kwa sababu anayefanya kazi ng'ambo hupanga asubuhi yake kwa kufuata pantoni. Upande wa Magogoni mnada wa samaki ulikuwa umeanza nilipovuka, nikachukua bajaji hadi Ocean Road huku nimeukumbatia mkoba wenye daftari langu. Daftari la leo lina majina tisa. Saba kati yake ni ya watu ambao wamekwisha kuambiwa mahali pengine kwamba wana saratani, nao wanakuja kuuliza kama ni kweli, na ikiwa ni kweli, kama tiba waliyopangiwa ndiyo inayowafaa.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa nimepangiwa kuwapokea hao.

Saa 1 asubuhi

Sehemu kongwe ya hospitali hii ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Robert Koch, mtaalamu aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuchunguza malaria kwa hadubini, na karibu karne moja baadaye, mwaka 1996, sheria ya Bunge ikaiunda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ninalitaja hili kwa sababu hadubini ile ile ya enzi za Koch, ingawa sasa imeboreshwa sana, ndiyo ambayo hadi leo inatoa neno zito kuliko yote kwa mgonjwa wa saratani, na nusu ya siku yangu huishia katika kulieleza jambo hilo kwa watu ambao hawajapata kuelezwa.

Wengi wanaokuja hapa wanaamini kwamba kutafuta maoni ya pili ni kukaa mbele ya daktari mwingine, kumsimulia upya, kisha kusikiliza atakachosema. Lakini daktari aliyepewa simulizi tupu hana cha kukagua. Atakachoweza kufanya ni kurudia vipimo vyote tangu mwanzo, na mgonjwa atalipia tena, atangoja tena, na uvimbe hautamngoja. Ndiyo maana ninapopigiwa simu na ndugu wa mgonjwa kutoka mkoani, kabla sijauliza jina, huuliza kama wanacho kibloku, yaani kile kipande cha nyama ya uvimbe kilichohifadhiwa ndani ya nta.

Saa 3 asubuhi

Mama mmoja kutoka Masasi, mwenye umri wa miaka 52, ameingia akiwa ameshikwa mkono na mwanawe wa kiume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama. Poleni na safari."

"Tumekwisha kupoa. Tulifika jana jioni, tukalala kwa mdogo wangu Mbagala."

Alipoketi alifungua fundo la khanga, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjika pembe kwa kushikwashikwa. Ndani mlikuwa na karatasi ya jibu, slaidi mbili za kioo zilizofungwa kwa pamba na plasta, na kibloku kimoja cha nta ndani ya kikasha cha plastiki chenye namba iliyoandikwa kwa penseli. Mwanawe aliniambia kwamba alirudi mara mbili katika hospitali walikotoka kukiomba, kwa sababu mara ya kwanza aliambiwa karatasi inatosha. Nilimshukuru kwa dhati, maana kwa kurudi kule alimwepusha mama yake na sindano nyingine ya kutolea kipande cha nyama.

Nilikishika kibloku kile kwenye mwanga wa dirisha ili mama akione. Ni kidogo, hakifikii nusu ya kiberiti, na katikati ya nta nyeupe kuna kijiti chembamba cha rangi ya maziwa yaliyochacha, chembamba kama uzi wa jamvi. "Hiki ndicho kilichotolewa kwenye titi lako, mama," nikamwambia. Alikitazama kwa muda mrefu bila kukigusa, kisha akauliza kama hakijaoza. Nikamweleza kwamba kipande cha nyama kilichowekwa mapema katika formalini ya asilimia 10, kisha kikafunikwa kwa nta, hukaa miaka mingi bila kuharibika, na mtaalamu anaweza kukikata tena na tena kwa unene wa mikromita nne hivi, akakipaka rangi ya zambarau na ya waridi, akasoma upya kile alichosoma mwenzake, au akatafuta kile ambacho mwenzake hakukitafuta.

Na kweli kulikuwa na jambo ambalo halikutafutwa. Karatasi ilisema ni saratani ya titi, ikataja na daraja lake, lakini haikusema lolote kuhusu vipokezi vya homoni wala kuhusu protini iitwayo HER2. Bila majibu hayo daktari hajui kama uvimbe unalishwa na homoni za mwili, na kwa hiyo hajui kama mama huyu atafaidika na vidonge vya tamoksifeni, ambavyo mgonjwa humeza miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano au zaidi, wala hajui kama anahitaji dawa mahususi ya kuizuia HER2. Mama alikuwa ameambiwa ajiandae kuondolewa titi wiki inayofuata.

Nilipomuuliza kinachomsumbua zaidi, hakutaja kisu. Alisema, "Yule daktari alinipokea vizuri. Naogopa ataona nimemdharau."

Hofu hiyo huisikia karibu kila siku, na nakiri kwamba huniumiza kuliko maswali ya fedha. Watu wetu wamelelewa katika heshima, na mtu akihudumiwa vyema huona kwamba kuuliza kwingine ni kumvunjia mwenyeji wake adabu. Basi wengine huamua kunyamaza na kukubali wasichokielewa, na wengine hutoweka bila kuaga, wakaenda kwa mganga au kwenye maombi, kwa sababu kutoroka kunawatia aibu kidogo kuliko kusema, "Daktari, ningependa mwenzako naye aangalie." Nilimwambia mama kwamba hata madaktari wenyewe, anapougua mmoja wao, hupeleka slaidi zao kwa wenzao, na kwamba hakuna bingwa makini anayechukizwa na jicho la pili.

Saa 5 asubuhi

Mwalimu mstaafu kutoka Morogoro amekuja na majibu ya tezi dume. Kwake hoja si kama saratani ipo, bali ina ukali gani. Ukali huo hupimwa kwa alama za Gleason, na alama hizo hutokana na jicho la mtaalamu anayetazama jinsi seli zilivyojipanga, hivyo wataalamu wawili walio hodari wanaweza kutofautiana kwa alama moja, na alama moja inaweza kumtoa mgonjwa katika kundi la kufuatiliwa kwa vipimo vya PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, na kumwingiza katika kundi la kutibiwa. Slaidi zake zimepelekwa kusomwa upya. Ameondoka akiwa ametulia, na ameniachia orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo mizizi anayochemsha nyumbani, aliyoiandika bila kuificha. Laiti wote wangefanya hivyo, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hugombana na dawa zetu na ini ndilo linaloumia.

Saa 6 mchana

Kikao cha madaktari huwakutanisha bingwa wa tiba ya saratani, daktari wa upasuaji, mtaalamu wa radiolojia anayesoma picha za mwili, mtaalamu wa patholojia anayesoma vipande vya nyama kwa hadubini, mfamasia na sisi wauguzi. Mgonjwa hayupo chumbani, ila faili lake liko mezani, na kila mmoja husema anachokiona kwa upande wake. Kwa mgonjwa anayetafuta maoni ya pili, hapa ndipo anapoyapata hasa, maana hupata maoni matano au sita kwa pamoja, na yanayopingana hupatanishwa papo hapo, wala si yeye anayeachwa njia panda kati ya daktari huyu na yule.

Faili la mama wa Masasi lilichukua karibu nusu saa. Picha zilionyesha uvimbe mkubwa, na mitoki ya kwapani iliyoshikana. Daktari wa upasuaji alisema waziwazi kwamba kukata sasa kunawezekana, lakini kuna hatari ya kuacha mabaki pembeni, na kwamba angependa uvimbe upunguzwe kwanza kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ndipo akate. Wengine wakaafiki. Kibloku kipelekwe kupimwa vipokezi na HER2, dawa zipangwe kulingana na majibu, upasuaji ufuate, kisha mionzi.

Ninaomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini. Daktari wa kwanza hakukosea kusema ni saratani, wala hakukosea kusema titi lifanyiwe upasuaji. Kilichobadilika ni mpangilio, kipi kitangulie na kipi kifuate, na mpangilio huo unaweza kuamua kama ugonjwa utarudi au hautarudi. Mara nyingi maoni ya pili huthibitisha yale ya kwanza, na hilo nalo si hasara, kwa kuwa mgonjwa aliyethibitishiwa huanza tiba kwa moyo mmoja na huimaliza.

Saa 8 mchana

Si kila anayetafuta maoni mapya anayatafuta kwa wakati wake. Dada mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi alikuwa amekwisha kupata vipindi 14 vya mionzi kati ya 25, akakoma. Shangazi yake alimshawishi kwamba mionzi inamchoma, na kwamba yupo mtu anayetibu kwa majani bila maumivu. Amerudi baada ya wiki tatu, amekonda, na damu imeanza kutoka tena.

Sikumgombeza. Nilikaa naye pembeni, nikamshika mkono, nikamweleza kile ambacho pengine hatukumweleza vya kutosha siku ya kwanza, yaani kwamba mionzi ya ugonjwa huu, ya nje pamoja na ile ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki nane, kwa sababu seli za saratani zinapopumzishwa hujizalisha upya na kuzoea. Nikamwambia kwamba anayo haki ya kuuliza wakati wowote, hata katikati ya tiba, lakini aulize huku tiba inaendelea. Daktari atamwona kesho asubuhi ili kuangalia ni kiasi gani cha mionzi kinaweza kufidiwa. Alilia, nami sikujizuia.

Saa 9 alasiri

Kijana aliyekuja na baba yake anataka kujua kama wauze kiwanja waende India. Swali hili huja kila wiki, nami hulijibu kwa uangalifu, kwa sababu zipo tiba ambazo kweli huhitaji safari, na zipo familia zilizouza kila kitu zikarudi na karatasi yenye dawa zile zile zilizoandikwa hapa. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya mtu kusafiri, nyaraka zisafiri kwanza. Picha za CT zilizo kwenye CD, ripoti ya patholojia na muhtasari wa tiba vinaweza kutumwa kwa bingwa wa ng'ambo akavisoma na kuandika maoni yake, na gharama yake haikaribii hata kidogo nauli ya watu wawili. Akisema anacho ambacho hapa hakipo, familia itauza kiwanja ikijua inanunua nini.

Kijana akauliza wana muda gani wa kufikiri. Nilimwambia kwamba kwa saratani nyingi wiki mbili tatu za kuhakikisha haziharibu kitu, lakini miezi ya kuzunguka huharibu, kwa hiyo waweke tarehe, na tarehe hiyo ikifika waanze tiba. Zipo hata hivyo saratani zisizosubiri, kama baadhi za damu, na kwa hizo hata wiki moja ni nyingi. Hali ya baba yake inaruhusu, wakapanga siku 14.

Saa 10 na nusu jioni

Mama wa Masasi alikuwa bado kwenye benchi upande wa bahari, mwanawe ameenda kumtafutia chai. Nilimweleza uamuzi wa kikao kwa maneno niliyoyapima, nikarudia mara mbili sehemu ya kemo, na alipouliza kama nywele zitanyonyoka nilimjibu ndiyo, na kwamba zitaota tena. Akauliza kibloku chake kiko wapi. Nikamfungulia rejista, nikamwonyesha mstari wenye namba yake, tarehe na sahihi ya aliyekipokea maabara, akapitisha kidole juu ya ile namba kama anayehakikisha.

Kisha nikamwambia kwamba daktari ataandika barua kwa yule daktari wa kwanza, kumjulisha kilichoonekana na kilichoamuliwa, kwa sababu dripu za baadaye na vipimo vya damu huenda vikafanyika huko huko karibu na nyumbani, na yeye ndiye atakayemfuatilia. Uso wake ulibadilika.

"Kwa hiyo nitarudi kwake?"

"Utarudi kwake, mama."

"Basi mwandikeni kwamba namsalimu. Na mwambieni lile shuka alilonifunika siku ile ya sindano sijalisahau."

Barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa na kutiwa sahihi. Nilichukua kalamu, na chini ya muhuri, kwa mwandiko wangu, nikaziandika salamu hizo kama alivyozisema, nikaitia barua ndani ya ile bahasha ya kaki, nikamkabidhi.