Kutoka Munyonyo hadi Namugongo kwa miguu

Safari ya basi kutoka Bukoba hadi Kampala ina mahali pamoja pa kuchosha, napo ni mpakani Mutukula. Utaratibu wenyewe umerahisishwa: unapita upande wa Tanzania bila kusimama, mihuri yote miwili unagongewa kwenye jengo la upande wa Uganda. Kinachowakwamisha watu ni kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa juzi kwa ajili ya safari ya leo ameshachelewa. Baada ya hapo ni Masaka, mstari wa Ikweta pale Kayabwe, na jioni Kampala.

Safari yetu ilikuwa ya hija ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa kukataa kuacha imani yao. Mahujaji wengi hulenga Juni 3, sikukuu yao, ambapo Namugongo, walikochomwa wengi wao, hapapitiki. Sisi tulichagua Mei 26 na tukaanzia Munyonyo, kwa sababu ndiko walikoanzia Mashahidi mwaka 1886, tarehe hiyohiyo.

Munyonyo iko kando ya ziwa. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa na makao yake pale, na usiku wa kuamkia Mei 26 Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wahudumu wa ikulu, aliwabatiza wakatekumeni kadhaa, yaani waliokuwa wakifundishwa kabla ya ubatizo, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Kulipokucha waliamriwa wajitenge: wanaosali upande huu, wasiosali upande ule. Mtu anaweza kusimama pale kanisani akapiga hesabu. Baadhi yao walikuwa Wakristo wa saa chache tu. Hata wakubwa wao walikuwa wameishi muda mrefu bila padre, maana wamisionari Wakatoliki waliofika Buganda mwaka 1879, baada ya kupitia Bagamoyo na Tabora, waliondoka mwaka 1882 wakahamia Bukumbi, karibu na Mwanza, na hawakurudi hadi 1885. Karibu miaka mitatu bila Misa, na bado waumini waliongezeka. Anayepima imani kwa wingi wa mafundisho ana kazi ya kulieleza hilo.

Waganda waliwaita waumini hao abasomi, yaani wasomaji, na kuamini kwao ni okukkiriza, neno hilohilo la kukubali na kuitikia. Kwetu imani ina shina moja na amana na uaminifu. Ukiyaweka maneno haya pamoja unapata kitu kilicho mbali na ile hisia ya moto kifuani ambayo siku hizi watu wanaitafuta kwa vipaza sauti.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Njia ni Barabara ya Ggaba hadi Kabalagala, kisha kuelekea Nakawa, Banda, Kireka, ambapo unakata kushoto kwenda Kyaliwajjala. Jumla ni zaidi ya kilomita 20. Baada ya saa nne asubuhi lami huwaka, na sehemu ya Nakawa hadi Kireka ni malori, vumbi na bodaboda zinazopita mpaka kando kwenye waenda kwa miguu. Afadhali mtembee kwa mstari mmoja, mkiyakabili magari yanayokuja.

Kinachowaangusha watu katika hija ya miguu ni malengelenge, na malengelenge huletwa na viatu vipya na unyevu. Vaa viatu ulivyovitembelea angalau wiki mbili, paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, beba soksi kavu za kubadilisha njiani. Mahali panapowasha pabandike plasta hapohapo, kabla hapajavimba. Lengelenge likishajaa maji usilichune ngozi. Ngozi ile ndiyo bandeji yake. Maji ya kunywa tuliyachanganya: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Anayekunywa maji matupu siku nzima huku anatoka jasho huanza kuumwa kichwa na miguu kukakamaa.

Jambo moja linahitaji kusemwa wazi. Wapo wanaotembea peku kwa makusudi, wakiamini nyayo zikitoka damu Mungu atalazimika kusikia. Huo ni mnada. Vijana wa 1886 hawakuitafuta ile njia. Walifungwa kamba wakaswagwa.

Tulifika Namugongo alasiri. Basilika ina umbo la msonge wa Kiganda, imebebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, na altare iko juu ya mahali alipochomwa Karoli Lwanga peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Paulo VI, aliyewatangaza watakatifu mwaka 1964, alifika hapa mwaka 1969. Kando kuna ziwa dogo ambapo watu huchota maji kwa chupa. Kuyapeleka nyumbani ni kumbukumbu nzuri. Kuacha dawa za presha kwa sababu unayo chupa hiyo ni hatari, na hakuna shahidi hata mmoja aliyefundisha hivyo.

Ukiendelea mbele unafika Nakiyanja, kwenye eneo la Waanglikana, penye sanamu za wauaji na wafungwa waliofungwa matete. Hapa ndipo tanuru kubwa lilipowashwa Juni 3, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Wote wanaokumbukwa kwa majina katika mateso yale, ya hapa na ya kwingineko, ni 45. Wengi wa mahujaji huishia basilika, wakakosa nusu ya habari.

Nakiyanja ndipo zile siku katikati zinapoeleweka. Wafungwa walikaa Namugongo karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Aliyetaka kupona alitakiwa tu kuacha kusali. Mbaga Tuzinde alikuwa wa ukoo wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, aliyembembeleza mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo kila asubuhi ya siku zile lile swali la Munyonyo liliulizwa upya, na kila asubuhi walikkiriza.

Watatu waliachiliwa pale pale kwenye tanuru, bila kuikana imani: Denis Kamyuka, Charles Werabe na Simeoni Ssebuta. Mengi tunayoyajua ya siku ile ni yale waliyoyaona wao, wakaishi miaka mingi wakiyasimulia. Hawana nguzo ndani ya basilika.